Safari ya Oman kwa Macho ya Watu wa Ziwa Tanganyika



 Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tunapenda tuzungumzie safari. Qur'ani imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mwenye uwezo hupanda ndege, na asiye na uwezo husafiri kwa kusoma. Leo tutasafiri kwa kusoma mpaka nchi ya Oman.

Siku hizi makampuni ya utalii huchukua watu kwa makundi na kuwazungusha Oman kwa wiki moja au siku kumi. Njia yao karibu ni moja. Huanza Maskati, hupanda milimani mpaka Nizwa, huteremka mashariki mpaka Ibra na mchanga wa Sharqiya, hutokea baharini mji wa Sur, kisha hurudi Maskati kwa barabara ya pwani. Kila kundi huwa na muongozaji anayeeleza habari za ngome, mifereji, tende na ngamia. Anayoyasema ni ya kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili haiko Oman. Iko huku kwetu: Ujiji, Rumonge, Nyanza-Lac, na katika barabara za Buyenzi hapa Bujumbura.

Tumeona tuiandike nusu hiyo kwa sababu watoto wetu huulizwa na wenzao shuleni: "Nyinyi Waswahili mmetoka wapi?" Wengine hujibu kwa kujivuna kwamba babu zao walikuwa Waarabu wa Oman. Wengine hunyamaza na kuona haya, kwa kuwa wamesikia kwamba Uislamu uliletwa Burundi na wafanyabiashara wa watumwa. Majibu yote mawili hayatoshi. Basi tufuatane na msafara huu, kituo baada ya kituo, na kila tutakapofika tuulize habari za kwetu pia.

1. MASKATI: MLANGO WA BAHARI

Oman ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 309,500, yaani zaidi ya mara kumi ya Burundi yetu, lakini watu wake hawafiki nusu ya watu wetu. Sababu ni maji. Maskati hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, na Bujumbura hupata takriban 800. Msomaji ashike tarakimu hizo mbili, maana zitatusaidia kuelewa mengi huko mbele.

Mtalii akifika Maskati hupelekwa kwanza Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Ndani yake mna zulia moja lenye mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, lililofumwa kwa mkono na wanawake wa Iran kwa miaka minne. Kisha hupelekwa bandarini kutazama ngome mbili, Jalali na Mirani, zilizosimama juu ya majabali. Ngome hizo zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Wareno waliuteka mji wa Maskati mwaka 1507, wakaushika kwa zaidi ya miaka 140, mpaka Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'rubi alipowatoa mwaka 1650.

Hapa ndipo habari inapovuka bahari. Watu wa Mombasa na miji mingine ya pwani yetu, nao wakiwa wamechoshwa na Wareno, waliomba msaada Oman. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianguka mikononi mwa Waomani. Basi mtu anayesimama chini ya Mirani na mtu anayesimama Mombasa wanatazama vita vya aina moja. Tofauti ni kwamba Waomani hawakuondoka pwani baada ya ushindi. Walibaki kama watawala.

2. SAMAIL NA NIZWA: MIZIZI YA DINI

Kutoka Maskati barabara huingia katikati ya milima ya mawe matupu, rangi ya kahawia na kijivu, bila mti wala nyasi. Halafu ghafla hutokea bonde lenye mitende. Hapo ni Samail. Kwa mujibu wa mapokezi ya Waomani, ndipo alipotoka Mazin bin Ghaduba, Muomani wa kwanza kusilimu, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) Madina. Baadaye Mtume (S.A.W.) alimtuma sahaba Amr bin al-As na barua kwa wafalme wawili ndugu wa Oman, Jayfar na Abd, wana wa al-Julanda, nao wakaukubali Uislamu bila vita. Waomani hujivunia jambo hilo mpaka leo.

Nizwa ulikuwa makao ya maimamu. Karibu na mji huo ndipo alipozaliwa Jabir bin Zayd, mwanachuoni aliyesoma kwa masahaba na ambaye madhehebu ya Ibadhi humhesabu kuwa imamu wake wa mwanzo. Ngome ya Nizwa ilijengwa na yule yule Imam Sultan bin Saif aliyewatoa Wareno. Mnara wake mnene wa duara umejazwa udongo na mawe sehemu ya chini ili mizinga isiuvunje. Juu ya milango yake kuna matundu ambayo askari waliyatumia kuwamwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Watoto huipenda sana habari hiyo.

Tunawaomba wanafunzi waiangalie pia misikiti ya zamani ya sehemu hizo. Ni midogo, haina mapambo, na mingi haina minara. Wanaoswali humo huacha mikono yao ubavuni. Sasa tujiulize: kama Uislamu wetu uliletwa na Waomani peke yao, mbona misikiti ya Bujumbura haifuati madhehebu ya Ibadhi? Sisi tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, kama watu wa Unguja, Lamu, Barawa na Ngazija. Jawabu ni kwamba Waomani wengi waliofika huku walikuja kufanya biashara, na hawakujishughulisha sana kuwaingiza watu katika madhehebu yao. Waliofundisha alif na be, waliosomesha maulidi na kuozesha, wengi wao walikuwa walimu weusi kutoka pwani, pamoja na Wamanyema na Wanyamwezi waliosilimu njiani. Jambo hili muongozaji wa Nizwa hawezi kulisema, kwa kuwa ushahidi wake uko hapa kwetu.

3. FALAJ: MAJI YALIYOGAWIWA KWA UADILIFU

Karibu na Nizwa watalii huonyeshwa Falaj Daris. Falaj, na wingi wake aflaj, ni mfereji unaochukua maji ya chini ya ardhi kutoka milimani na kuyateremsha mpaka shambani bila pampu wala mashine, kwa mteremko peke yake. Zaidi ya mifereji 3,000 inafanya kazi mpaka leo, na mitano kati yake, ukiwemo huo wa Daris, iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ujenzi wake ni wa ajabu, lakini ugawaji wa maji unafundisha zaidi. Mfereji ukifika kijijini, mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa. Baada ya hapo hupita msikitini kwa ajili ya udhu na mahali pa kuogea, ndipo uende mashambani. Shamba hupata maji kwa muda na si kwa kipimo cha ndoo. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha jua, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Zamu ya maji huweza kurithiwa, kuuzwa, kukodishwa, au kuwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti. Kila falaj ina wakili wake anayeshika hesabu.

Ndugu zetu, sisi tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, na Rusizi inatiririka karibu yetu mwaka mzima. Ni vigumu kwetu kufahamu maisha ambayo nusu saa ya maji ni mali ya urithi. Lakini tukilifahamu hilo, tutaelewa pia kwa nini Muomani aliondoka kwao. Falaj ina kiwango chake. Watoto wakizaliwa wengi, maji hayaongezeki, na mvua ikikosekana miaka miwili au mitatu mitende hukauka. Kijana wa ndani ya Oman katika karne ya 19, mwenye zamu ndogo ya maji na deni kubwa la mchele, alitazama baharini.

4. BAHLA NA JABRIN: UDONGO NA ELIMU

Si mbali na Nizwa kuna Bahla, mji uliozungukwa na ukuta wa takriban kilomita 12. Ngome yake ilijengwa na ukoo wa Nabhani kwa matofali ya udongo juu ya misingi ya mawe. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua zilikuwa zikiimomonyoa. Ilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2004, baada ya matengenezo ya miaka mingi. Sisi tuliokulia katika nyumba za matofali ya udongo tunaijua kazi hiyo: nyumba ya udongo haitaki kuachwa hata masika moja.

Kutoka Bahla ni mwendo mfupi mpaka Jabrin, jumba lililojengwa na Imam Bil'arab bin Sultan katika nusu ya pili ya karne ya 17. Dari zake zimechorwa maua na kuandikwa aya. Imamu huyo aliwafungulia wanafunzi madrasa ndani ya jumba lenyewe, wakasoma chini ya dari zile zile alizokaa yeye. Alifariki mwaka 1692 na kuzikwa hapo hapo. Tunawapa wazazi habari hii makusudi, maana wako wanaodhani chumba chochote kibovu kinatosha kwa madrasa.

Kutoka hapa makundi mengi hupanda Jabal Shams, mlima wenye takriban mita 3,000, kutazama bonde lenye kina cha kutisha lililo chini yake. Vijiji vya mawe kama Misfat al-Abriyyin vimeshikamana na mlima, na falaj inapita kati ya nyumba. Wakati mzuri ni kuanzia Oktoba mpaka Machi, maana kiangazi cha huko hakimfai mtoto wala mzee.

5. IBRA: NYUMBA ZILIZOJENGWA NA PEMBE

Sasa tumefika kituo ambacho kwetu sisi ndicho kikubwa kuliko vyote, ingawa makundi mengi hupita hapo kwa saa moja tu. Ibra ni mji wa mkoa wa Sharqiya. Katika mtaa wake wa zamani uitwao Al Minzfah kuna majumba marefu yaliyobomoka, yenye matao, milango ya kuchongwa na vyumba vya wageni. Muongozaji husema kwamba ni nyumba za wafanyabiashara matajiri, na baadhi yao huongeza kwamba utajiri ulitoka Afrika. Watalii hupiga picha na kurudi garini.

Sisi tusirudi garini haraka. Utajiri huo ulitokaje Afrika?

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856, aliyahamishia makao yake Unguja kati ya miaka ya 1830 na 1840. Watu wa Sharqiya walimfuata. Wengi hawakuwa matajiri walipoondoka kwao. Walikopa vitambaa na shanga kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, wakaahidi kulipa kwa pembe za ndovu. Kutoka Bagamoyo walitembea mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Ujiji Februari mwaka 1858, walikuta njia hiyo imeshazoeleka na Waarabu na Waswahili. Wazungu wanasifiwa katika vitabu kwamba waligundua ziwa, lakini waliongozwa na watu waliokuwa wakilivuka kila mwaka.

Kutoka Ujiji misafara ilivuka ziwa mpaka Manyema, ambako ndovu walikuwa wengi. Pembe zilirudi kwa njia ile ile, zikapelekwa Bombay, London na Marekani, zikawa vishikizo vya visu, mipira ya biliadi na vibao vya vinanda. Faida nyingine ilirudi Ibra ikawa matao na milango. Ukubwa wa mali ya upande wa Afrika unaonekana katika hesabu moja. Baada ya Sayyid Said kufariki, wanawe waligombana, na mwaka 1861 dola iligawiwa mbili kwa uamuzi wa Waingereza wa India. Unguja ikaamriwa iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, ili kufidia mapato ambayo Oman imeyapoteza.

Lakini nani aliyezibeba pembe hizo? Baadhi yao walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, watu mashuhuri kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa. Na hapa, ndugu wasomaji, lazima tuseme bila kuficha. Watu walitekwa vijijini, wakatengwa na wazazi na watoto wao, wakafungwa na kuuzwa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kule Manyema, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza vyakula, wakafa mamia. Livingstone alikuwepo akaandika aliyoyaona. Waliofanya hivyo walikuwa na majina ya Kiislamu.

Tunawafundisha watoto madrasani kwamba kumteka mtu huru na kumuuza ni katika dhambi kubwa, na kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika ibada zilizo bora. Basi tusiwe na ulimi wa kuyasema hayo darasani na kuyanyamazia katika historia. Aliyedhulumu amedhulumu, awe Muarabu, Mswahili au Mzungu. Dini haikumtuma.

6. MCHANGA WA SHARQIYA

Baada ya Ibra magari hupunguzwa upepo katika magurudumu na kuingia mchangani. Bahari hiyo ya mchanga ina takriban kilomita za mraba 12,500, na baadhi ya matuta yake hufika mita 100 kwenda juu. Watalii hulala kambini, hunywa kahawa na tende, hutazama nyota. Mabedui bado wanafuga ngamia na mbuzi huko.

Mwanafunzi akisimama juu ya tuta jioni, asiwaze tu uzuri wa jua linapotua. Awaze kwamba watu wa nchi hii, waliozoea ukimya na ukavu wa namna hii, ndio waliokuja kuishi katika misitu ya Manyema na mvua za Uzige. Wengine walikufa kwa homa. Wengine walioa huku, wakazaa, wakasahau njia ya kurudi. Kuna ukoo mwingi katika miji ya ziwa ambao jina la babu ni la Sharqiya na bibi ni Mjiji, Mmanyema, Mbwari au Mrundi. Mara nyingi jina la babu limehifadhiwa na jina la bibi limepotea. Hiyo nayo ni dhulma ndogo ambayo tunaweza kuirekebisha sisi wenyewe, kwa kuwauliza wazee wetu.

7. SUR NA QALHAT: MAJAHAZI

Mchanga huishia karibu na bahari, na mji wa Sur ni mji wa mafundi wa majahazi. Hapo imehifadhiwa Fatah al-Khair, jahazi kubwa lililoundwa Sur mwaka 1951, likauzwa nje, kisha likarudishwa kutoka Yemen mwaka 1993. Majahazi kama hayo yalikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Yalileta tende, chumvi na papa mkavu. Yalirudi na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba nyingi za Oman na Ghuba. Hivyo, mtalii akiinua macho katika nyumba ya zamani ya pwani, huenda anatazama miti ya Afrika.

Lakini Sur pia ilikuwa bandari ya watumwa. Hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, baadhi ya majahazi yaliendelea kwa siri. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur walipandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, na jambo hilo likafikishwa katika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1905. Watumwa wa Kiafrika walifanya kazi katika mashamba ya mitende ya Oman yenyewe, wakati tende za huko zilipokuwa zikiuzwa mpaka Marekani. Utumwa ulipigwa marufuku rasmi Oman mwaka 1970, alipoingia madarakani Sultan Qaboos. Vizazi vya watu hao ni Waomani leo, wanaswali katika safu moja na wenzao.

Njiani kurudi Maskati kuna magofu ya Qalhat, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kaburi la Bibi Maryam bado limesimama. Ibn Battuta alifika hapo baada ya kutembelea Mombasa na Kilwa, na Kilwa alifika mwaka 1331. Hii ni dalili kwamba pwani yetu ilikuwa na misikiti na makadhi karne nyingi kabla ya Waomani kuitawala. Mtoto anayedhani Uislamu wa Waswahili ulianza na Sayyid Said akumbushwe mwaka huo.

8. HUKU KWETU ZIWANI

Sasa tumalizie nusu ambayo haimo katika ziara. Miongoni mwa watu wa Ujiji alikuwepo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Ukoo wa Barwani asili yake ni Sharqiya ile ile tuliyotoka. Katika miaka ya 1880 alishika sehemu kubwa ya biashara ya ziwa la kaskazini na akajaribu kuingia Burundi kwa silaha. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Burundi haikutekwa na misafara, na hiyo ni sababu moja kwa nini Waislamu wa nchi hii walianzia ufukweni, Rumonge, Nyanza-Lac na Uzige, na si milimani.

Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili. Wabelgiji waliuchukua mji mwaka 1916, nao wakawatenga Waswahili katika mtaa wao. Buyenzi ni urithi wa mpango huo. Waliokaa humo walikuwa Wamanyema, Wabwari, Wajiji, Wanyamwezi, Warundi waliosilimu, na Waarabu wachache. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wapagazi, na wengine wa watumwa walioachwa huru. Hao ndio waliojenga misikiti kwa michango ya senti na kuwafundisha watoto Qur'ani barazani baada ya kazi.

Tukilipima jambo hili kwa uadilifu, tunaona muujiza mdogo. Mtu aliyetekwa na kupelekwa mbali na kwao, akakutana na dini kupitia kwa watu ambao baadhi yao walimdhulumu, aliweza kutenganisha dini na dhulma. Aliishika dini na akaikataa dhulma. Hilo linahitaji akili na imani zaidi kuliko kurithi jina la ukoo.

Na historia haikuishia hapo. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, familia nyingi za asili ya Oman ziliondoka Afrika Mashariki na kurudi kwa mababu zao. Baadhi yao walitoka Burundi, Rwanda na Kongo, na walifika Oman wakijua Kiswahili na Kifaransa kuliko Kiarabu. Ndiyo maana mtu wa Bujumbura akitembea Maskati hakosi kusikia lugha yake dukani, na hakosi kuona mandazi na mishkaki.

9. TUWAAMBIE NINI WATOTO?

Kwanza, atakayejaaliwa kwenda Oman aende na maswali. Akiwa Ibra aulize nyumba ilijengwa kwa mali gani. Akiwa Sur aulize jahazi lilibeba nini. Muongozaji mzuri hufurahi kuulizwa, na akiwa hajui atajifunza.

Pili, asiyekwenda asijione amekosa. Sehemu ya urithi huo iko Buyenzi, Rumonge na Ujiji, na haihitaji viza. Kaeni na mabibi na mababu, andikeni majina yote, ya upande wa baba na ya upande wa mama, kabla ya wenye kuyajua hawajaondoka duniani. Oman imekarabati ngome za udongo kwa miaka mingi na fedha nyingi. Sisi kumbukumbu zetu zinahitaji daftari na kalamu tu, na tunaziacha zimomonyoke.

Tatu, mtoto akiulizwa ametoka wapi, ajibu kwa utulivu: "Sisi ni Warundi Waislamu. Wazee wetu walitoka ziwani, bara na pwani, na wengine ng'ambo ya bahari. Wako waliobeba mizigo, wako waliobebeshwa kwa nguvu, na wako waliofanya biashara, ya haki na ya dhulma. Dini tumeichukua kwa Allah na Mtume wake, na dhulma tumewaachia wenyewe." Jibu hili halimvunji mtu heshima wala halimpi kiburi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliotutangulia katika imani, wanaojulikana majina yao na wasiojulikana, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.